Seva ya Mwaka Jana

Lubumbashi, komini Kenya, tarehe 9 Julai

Yaya Léonie, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo wote wa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, hata kama moyo wako umekaa chini. Mguu wa mama unaendeleaje? Watoto wamepata likizo? Huku kwetu baridi ya asubuhi inatutesa na vumbi limeingia hadi kwenye sukari, lakini hakuna aliyelazwa hospitali. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Barua nimemkabidhi dereva anayekuja huko kwenu Pweto kuchukua samaki wakavu, kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Jumapili nilikuambia tu uweke kando kapsuli zote za amoksilini zilizotoka depo yetu ya dawa, usimpe mgonjwa yeyote hata moja. Ulipouliza sababu nilijibu kwamba mtandao unakatika. Yaya, mtandao ulikuwa mzuri.

Nilisikia yote uliyoniambia siku ile. Kwamba mjomba wa marehemu Bénie, yule mtoto uliyemtibu, alisimama mbele ya zahanati unakofanya uuguzi akapiga kelele, ule infirmière njo aliua mutoto. Kwamba masista wenye zahanati wanafikiri kukutoa kazini. Lakini lililoniumiza kuliko yote ni pale uliposema wewe mwenyewe unarudia kila siku hesabu ya dozi uliyompa, na kwamba mkono wako huuamini tena. Kwa ajili ya neno hilo ninaandika. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Unajua kazi yetu hapa Bel-Air. Tunanunua dawa katika makopo makubwa ya bati, kisha Papa Chisanga wa stoo na mabinti wake wanazigawa katika vifuko vidogo vya kuuzia zahanati. Kwenye kifuko tunabandika jina la dawa, nambari ya kundi na alama ya depo. Tarehe ya mwisho wa matumizi inabaki kwenye bati na ndani ya mashine, yaani kompyuta ya stoo. Bati likipita tarehe yake, mashine inakataa kuchapa vibandiko vyake, na mambo yanaishia hapo. Papa Chisanga macho yake yamechoka, na maandishi ya mabati ni madogo kama mayai ya chawa. Yeye husema, machine ikikubali, na miye nakubali. Sisi sote tulikuwa hivyo.

Mwezi wa Desemba radi iliunguza seva yetu. Seva ni ile kompyuta kubwa ambayo ndani yake zinaishi nyingine zote: ya stoo, ya ankara, ya mishahara. Kuna programu inayoigawa hivyo, na leseni yake tulikuwa tumeinunua mara moja miaka ya nyuma, ikawa yetu. Patron, Papa Alphonse mwenye depo, alinunua seva nyingine ya mtumba, akaniita niiwashe, kwa kuwa mimi karani ndiye niliyesoma mambo hayo kidogo. Ndipo tukajua kwamba kampuni ya programu ile imepata wenyewe wapya, na wenyewe wapya hawauzi tena kitu cha kukaa nacho. Sasa ni kulipa kila mwaka, tena kwa kiwango cha chini kilichopangwa kwa mashine kubwa kuliko yetu mara kadhaa. Bei ilizidi bei ya seva yenyewe. Patron aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Akasema, banatuuzisha machine ao banatuuzisha ruhusa ya kuiwasha? Bamezania tuko mine ya cobalt?

Si sisi peke yetu. Mwape wa imprimerie, duka la uchapaji la jirani, alizima yake, akarudi kwenye karatasi. Mimi nilimweleza patron kwamba ziko programu za bure zinazofanya kazi ileile, ila kuhamisha kila kitu kungetaka depo ifungwe siku kadhaa. Akasema depo haifungwi hata asubuhi moja. Akaniuliza, weye Huguette, na zile machine zako za ku nyumba, unazilipiaka na nini?

Unazikumbuka, zile kompyuta mbili za zamani chini ya kitanda changu ambazo wewe unaziita kaburi. Hapo ndipo nilipojifunzia. Zamani kampuni ile ilikuwa inawapa wanafunzi programu bure, kisha ikaifunga. Ikabaki ile ya majaribio, inayokufa baada ya wiki chache. Mimi nyumbani nilikuwa nikiirudisha tarehe ya mashine nyuma, na programu inaamini kwamba muda wake bado upo. Nyumbani hakuna anayeumia kwa hilo. Nikamwambia patron. Akacheka, akanipiga begani, akasema ndiyo faida ya kumsomesha mtoto.

Basi kwa tarehe yake, seva yetu ilibaki inaishi mwaka jana. Kila muda ulipokaribia kwisha niliirudisha tena. Tarehe za ankara tulikuwa tunazipiga kwa muhuri wa mkono, na wateja hawakuona kitu. Nami, Yaya, niliyesoma, sikufikiri hata mara moja kwamba mashine ya stoo inachukua tarehe yake kutoka kwa seva hiyohiyo.

Mwezi wa Mei alikuja infirmière wa zahanati moja ya huku komini Kenya, Mama Deborah, mtu wa maneno makali. Alitupa vifuko vyetu juu ya kaunta akasema dawa yenu iko sawa na bunga ya mihogo, ba mutoto banakunywa na hawaponi. Papa Chisanga alimjibu kwa utani kwamba labda yeye ameipikia bukari, ugali wetu. Mimi sikucheka. Niliingia chumba cha seva nikaweka tarehe ya kweli, nione tu. Orodha ya stoo ikawa nyekundu kutoka juu hadi chini. Bati la amoksilini lilikuwa limepita tarehe yake tangu Januari.

Wakati uleule programu ikagundua kwamba muda wake umepita, na kila kitu kikazima. Ankara hazitoki, wateja wamejaa mlangoni wanapiga kelele. Patron alikuja mbio. Nilimwonyesha ule wekundu nilioupiga picha kwa simu. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeniombea mema, rudisha kwanza, hii bintu tutaipanga pole pole.

Nikarudisha.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia hata padri. Siku ile maboksi ya kwenda Pweto yalikuwa bado mlangoni, yamefungwa kamba, juu yake limeandikwa jina lako kwa mwandiko wangu. Lori lilikuwa halijafika. Nilipita kando ya maboksi hayo mara mbili nikienda kunywa maji. Niliogopa kazi yangu, nikajiambia kwamba dawa iliyopita tarehe haiui, inapungua nguvu tu. Lori lilipofika, mimi ndiye niliyeweka sahihi ya kuyatoa.

Sijui kama dawa nzuri ingemponya Bénie. Wewe utajua kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba hesabu yako ya dozi ilikuwa sawa na mkono wako ulikuwa sawa. Kilichokuwa kibaya kilitoka kwangu, nami nilikijua.

Usiifiche barua hii kwa kunihurumia. Wasomee masista, na umsomee mama wa Bénie mbele ya yule mjomba. Vifuko vilivyobaki usivichome, wavihifadhi masista. Jumatatu nitakwenda kwa wakaguzi wa dawa na picha ile ya Mei. Patron amekwisha kuniambia kwamba mwenye mkono kwenye kibodi ndiye mwenye kosa, na ninaogopa sana, Yaya. Kama sitapiga simu wiki ijayo, mwambie mama kwamba niko kazini, hadi mguu wake upone.

Wasalimie watoto wote na majirani wanaokusimamia. Mungu akulinde wewe na wagonjwa wako. Naandika jina langu lote, ili mtu yeyote akiuliza ni nani aliyesema haya, usitafute jibu.

Mdogo wako,

Musonda Huguette
karani wa depo ya dawa, Bel-Air, Lubumbashi