Kwa Mama Spéciose, Aliyetuachia Vidole Vitatu vya Kitambaa

Mwaka mmoja unatimia leo, Mama, tangu kiharusi kikuangushe kwenye cherehani yako pale Muhima, Kigali, sindano ikiwa bado ndani ya gauni la kipaimara la mtoto wa watu. Gauni lile tulilimaliza. Liliane, binti yako, ndiye aliyekunja upindo, nalo likafika kanisani kwa wakati.

Ulikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mteja mwembamba akiingia, ulimzungushia futi kiunoni ukimwuliza, "Ma chérie, kwenu jiko limeharibika?" Akimaliza kucheka, umeshampima.

Nguo zetu sisi wa nyumbani zilikuwa na siri tuliyoigundua baada ya kukuzika. Katika kila mshono uliacha akiba ya vidole vitatu, imekunjwa ndani. Kila mwaka kabla ya Noeli ulifumua kidogo, ukashona upya, ukapiga pasi, ukarudisha kabatini kimya kimya. Suruali ya Jean-Luc, kaka yetu mkubwa, haikuwahi kumbana. Tulidhani miili yetu haibadiliki. Yalikuwa mapenzi, Mama, na mapenzi hayo yalituficha ukweli.

Lakini vipimo uliviandika. Daftari lako linaanzia Buyenzi, kule Bujumbura, ambako Bibi alikufundisha kushona. Kiuno cha Bibi. Cha mjomba Cassien. Chako. Cha Jean-Luc. Tulivipanga mezani tukaona vinapanda kwa namna ileile, karibu katika umri uleule. Bibi na mjomba nao presha ndiyo iliyowachukua. Mimi, kitinda mimba wako, sikutulia. Mbona tulikula chungu kimoja, na Liliane akabaki na kiuno kilekile?

Tulimpelekea daftari Xavérine, muuguzi wa kituo cha afya, uliyekuwa ukimshonea vitenge. Alilifunua polepole, kama barua.

"Kuna vinasaba vinavyomwelekeza mtu kwenye unene, na baadhi yake vinagusa presha pia," alisema. "Ila havirithiwi vyote kwa pamoja. Mmoja anapata vingi, mwingine vichache. Wala si hukumu: chumvi, mwendo na dawa vina neno lao. Lakini daftari haliniambii nani ana presha leo. Mkono utaniambia."

Jean-Luc alikataa. "Mimi mzima."

Nikafoka, "Mama naye alikuwa mzima asubuhi ile! Litazame tumbo lako!"

"Basi anza wewe, ufito."

Nilikunja mkono wa shati kwa majivuno, mimi ambaye futi yako ilinizunguka ikabaki. Mashine ikasema mia moja sitini na mbili juu ya mia moja na nne. Xavérine akanipumzisha, akapima tena. Ileile.

Jean-Luc hakucheka. Alivuta kiti kando yangu, akafungua kifungo cha mkono wa shati lake, lile ulilomfumulia Noeli ya mwisho.

Sasa sote wawili tunameza dawa. Jioni tunatembea kutoka njiapanda ya Sonatubes hadi nyumbani tukibishana: damu hii ilianzia kwa Bibi, au kabla yake? Sote ulitupima, Mama. Wewe hakuna aliyekupima.

Futi yako tumeshika, Mama, tunajipimia,
Kile kilichofichika, damu inatuambia,
Urithi umefunguka, nasi tunaangalia,
Woga sasa umetoka, maswali yatubakia.

Leo baada ya Misa, Xavérine atakuwa nyumbani na mashine yake. Ndugu wa Bujumbura na wa Kigali, njooni na mikono yenu.

Tunaokukumbuka ni mumeo Léonce. Watoto wako Jean-Luc, Liliane, nami Habumugisha. Na mjukuu wako Uwera. Gauni lake jipya tumeliachia vidole vitatu kama ulivyofanya, ila kila tutakapofumua, tutamwambia.

Kila kifungo tunachofunga, Mama, tunakukumbuka.