Nani Alikualika?

Furaha mujukuu wangu, jambo sana. Huku Masisi tuko, maharagi imeiva, mama yako anakusalimia.

Unauliza kama nilishaona mambo kama hii ya kukunyima viza ya kwenda kuandika habari Ulaya, eti hauna mwaliko. Niliona! Wakati wa Wabeleji, hata kufika Walikale ilikuwa lazima ruhusa. Dada yangu alikufaka kule. Nikaenda kuomba ruhusa niende ku kilio, karani wa Wabeleji akaniuliza:

«Nani alikualika?»

«Papa, kwetu hatualikake muntu ku kilio!»

Akanifukuza. Siku ile ile muzungu wa gazeti akapita na kamera yake, hakuna mwenye alimuuliza kitu. Yeye njo alipiga picha ya kaburi ya dada yangu. Mimi, ile kaburi sikuiona.

Rudi ku ambasade, kwa wale walikunyima viza, Furaha. Miye tate yako, muzazi wa muzazi wako, nakutuma uwaulize: wao, huku kwetu, nani aliwaalikaka?