Je, Mdogo Wangu wa Boston Ahesabiwe Kuwa Mtalii?

Bibi mshauri, nakuandikia nikiwa gerejini, nimekaa juu ya ndoo ya rangi, kwa sababu mke wangu Lorraine ameniambia nisikanyage jikoni kwake mpaka niwe nimeamua kama mimi ni mtu mkweli au mtu mwongo, nami nimejipima pande zote nikashindwa kujua, ndiyo maana nimeona nimuulize mtu aliye mbali na aibu hii. Jina langu ni Wendell Kaczmarek, nina miaka sitini na mitatu, fundi mstaafu wa lifti, mkazi wa Philadelphia. Mdogo wangu Raymond, aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa magongo ya barafuni, anaishi Boston. Na mama yetu, Bernice, mwenye miaka themanini na sita, anaishi peke yake Scranton katika nyumba tuliyozaliwa, na huko ndiko tunakokutana sote kila Sikukuu ya Shukrani kula bata mzinga.

Baba alipokuwa hai yeye ndiye aliyekuwa akimkata bata mzinga, wala hakuna aliyeuliza. Alipofariki, miaka minane iliyopita, mimi nilikishika kisu kwa kuwa ni mkubwa, na Raymond akakishika kwa kuwa, kwa maneno yake, mikono yangu ni ya spana, tukawa tunavutana mbele ya ndege aliyeiva huku mchuzi ukipoa, mpaka mama akagonga meza kwa kijiko akasema, "Basi akate yule ambaye mji wake unatembelewa na watu zaidi. Nyie angalau mnatembelewa. Mimi hapa hanitembelei mtu." Tulicheka sana, tukaiona ni hukumu ya haki, na tangu siku ile ndiyo sheria ya nyumba yetu. Binamu yetu Duane wa Orlando alitaka kuingia katika mashindano, tukamkatalia, kwa sababu watu wanaokwenda kwake hawaendi kuuona mji, wanakwenda kupanda bembea. Na binti wa shangazi aliyeko Las Vegas tulimkatalia kwa sababu mji wake si mji, ni sherehe ambayo haijaisha. New York, kwa bahati nzuri, hatuna ndugu.

Mwanzoni tulitumia takwimu za magazeti, lakini tuligombana, Raymond akidai kwamba kwetu anahesabiwa hata aliyeshuka basi kutafuta choo, nami nikidai kwamba kwao mwanafunzi mmoja anahesabiwa upya kila anapotoka kufua nguo. Ndipo Raymond, kwa ile tabia yake ya uamuzi wa mpira, akaandika kanuni: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, toka Aprili mpaka Oktoba, kila mmoja asimame kwenye kona moja ya mji wake kwa saa nne, mimi kona ya Mtaa wa Tano na Chestnut karibu na ile kengele ya kihistoria yenye ufa, yeye penye ule mstari mwekundu wanaoufuata wageni wa Boston, na kila mmoja awe na kile kidude cha mkononi cha kubofya, kinachoongeza moja kila ukikibonyeza. Mtalii ni mtu mwenye dalili mbili kati ya tatu: anapiga picha jengo ambalo halimhusu, anasimama katikati ya njia watu wakimlaani, anauliza choo kiliko.

Bibi, tangu tuanze kubofya nimeshindwa miaka mitano mfululizo. Raymond anamkata bata mzinga polepole kama daktari, kisha ananiambia mbele ya wajukuu, "Kaka, lete sahani. Nikupe shingo, au nikupe shingo?" Nami namwambia, "Kwenu si watalii wale, ni watu waliopotea, barabara zenu zilichorwa na ng'ombe." Naye anajibu, "Usihuzunike, kaka. Philadelphia wanapita watu wengi mno. Wako njiani kwenda New York." Meza nzima inacheka, hata Lorraine mwaka juzi alicheka, nikamwona.

Basi mwaka huu nilifanya jambo. Nilimwomba Lorraine apite kwenye kona yangu amevaa kofia na kushika ramani, mara moja tu, na alipopita nikabofya, na mkono ukanogewa. Kufikia Juni alikuwa anapita kama mgeni wa Nebraska, kisha wa Kanada, kisha mjane wa Kijerumani asiyejua lugha, na wenzangu sita wa chama cha bowling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira, nao wakawa wanapita wamevaa kaptula na soksi zilizovutwa mpaka magotini, wakiuliza choo kwa sauti. Siku moja Lorraine alisimama mbele yangu, akavua kofia, akasema, "Wendell, nimekuwa mke wako miaka thelathini na minne, na leo umenibofya mara kumi na moja. Hujaniuliza hata kama nimekula." Nilimwambia asisimame pale katikati ya njia, kisha kwa mazoea nikambofya tena.

Jumamosi ya Oktoba nilimwachia Lorraine kidude, nami nikaenda Boston kumchunguza Raymond, kwa sababu nilihisi ananidanganya, maana mtu mwaminifu hashindi miaka mitano. Nilivaa ndevu za bandia nilizozipaka rangi ya viatu. Nilipofika sikumwona Raymond, nikamwona mkewe, Colleen, ndiye anayebofya, nikashikwa na hofu nikasimama katikati ya njia, kisha ili nisigundulike nikamuuliza choo kiliko. "Karibu Boston, baba," aliniambia. "Fuata mstari mwekundu, kipo mbele." Akanibofya. Shemeji yangu kabisa, niliyecheza kwenye harusi yake, akanibofya.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Lorraine akanipa kidude akasema, "Alipita mtu mmoja wa ajabu. Miwani ya jua, koti la mvua, hakuna mvua. Alisimama saa nzima akila mkate wa nyama na jibini akiniangalia, kisha akaipiga picha benki. Nikambofya." Nikamuuliza anafananaje. Akasema, "Anafanana na Raymond, ila Raymond hajawahi kuja kwetu."

Mwisho wa msimu tulijumlisha. Sisi 2,116, wao 2,115. Nimeshinda kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni Raymond! Kama si mtalii, tumefungana, na kanuni zinasema wakifungana anakata aliyekata mwaka jana. Nami najua, kwa sababu Colleen aliniandikia, kwamba mtu mwenye ndevu zinazonuka rangi ya viatu wamemkumbuka vizuri na wamecheka wiki mbili. Zimebaki siku kumi na mbili kabla ya sikukuu. Lorraine ameniambia, "Ukikishika kisu kile bila kusema ulichofanya, mimi nitakula kwa dada yangu Pittsburgh, na Ijumaa usiningoje." Hasemi kwa hasira, bibi, anasema huku anapanga sanduku, na ndani ameweka zile kofia za kitalii.

Juu ya yote mama naye anazeeka, ananichanganya. Tangu Januari ameweka kitabu cha wageni mlangoni, kama cha jumba la makumbusho, na waliotia saini mpaka sasa ni msoma mita wa gesi na mpeleka barua, mpeleka barua mara nyingi. Juzi alipiga simu kuuliza kama nitapita kumsafishia majani kwenye mifereji ya paa, nikamwambia nimebanwa na hesabu, naye akaniuliza, "Mwanangu, hapa Scranton wapite wangapi ndipo pahesabiwe?" Nikacheka.

Naomba unijibu upesi na waziwazi: Raymond ahesabiwe kuwa mtalii, au asihesabiwe?

Wako katika gereji,
Wendell Kaczmarek, Philadelphia

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Kaczmarek,

Barua yako nimeisoma kwa kupumzika kwenye kila koma, maana nukta ulizifanyia ubahili. Pole kwa kukaa kwenye ndoo. Pole hiyo ndiyo ya mwisho utakayoipata kwangu leo, basi itunze.

Umeuliza swali moja, nami nitalijibu kwanza ili lisitusumbue. Ndiyo, Raymond ni mtalii. Alifunga safari mpaka mji usio wake, akavaa nguo zisizolingana na hali ya hewa, akala chakula cha kona amesimama, akapiga picha benki, kisha akaondoka bila kubisha hodi kwa kaka yake wa tumbo moja. Mtu wa namna hiyo haitwi ndugu. Bofya bila wasiwasi. Naye Colleen hakukuonea hata kidogo alipokubofya wewe. Ulikwenda Boston kwa ndevu za bandia, ukaelekezwa choo na shemeji yako, ukarudi. Hukuuliza hata hali ya watoto.

Kwa hiyo watu wawili hao, wewe na Raymond, mnafutana, na haki ipo. Lakini Lorraine alibofywa mara kumi na mbili kwa siku moja, na wazee sita wenye soksi nao walibofywa. Hao si watalii, bwana. Hao ni uongo uliovaa kaptula. Umeshindwa mwaka wa sita, na mwaka huu umeshindwa vibaya kuliko yote, kwa sababu ulishindwa mbele ya mkeo. Unasema hujui kama wewe ni mwongo. Unajua. Mtu mkweli hajifungii gerejini kujipima.

Kuhusu Lorraine sina haja ya maneno mengi. Mwanamke aliyekubali kuwa mjane wa Kijerumani kwa ajili yako juani mwezi Juni hakuwa akiipenda Philadelphia. Alikuwa akikupenda wewe. Alitaka umuulize kama amekula. Ingia jikoni sasa hivi ukamuulize. Barua yangu itakungoja mezani.

Umeuliza? Vizuri. Tuendelee.

Jambo linalonikera si kona yako wala ya Raymond. Ni mistari michache uliyoichomeka mwishoni, ukaanza kwa kusema mama anazeeka. Mama yako hazeeki, Bwana Kaczmarek, au kama anazeeka, akili zimebaki nyumbani kwake kuliko kwako. Yeye ndiye aliyetunga sheria, na ninyi wazee wawili mliisikia nusu. Alisema akate mwenye mji unaotembelewa, kisha akasema yeye hatembelewi na mtu. Mkachukua ile nusu yenye kisu, mkaiacha ile nusu yenye mama. Miaka sita mmesimama kwenye kona, saa nne kwa saa nne, mkihesabu wageni wa watu wengine, na Scranton iko saa mbili tu kutoka kwako kwa gari. Mama amenunua kitabu, amekiweka mlangoni, amekuuliza kwa simu wapite wangapi ndipo pahesabiwe. Sijui angeweza kusema waziwazi zaidi ya hapo, labda angevaa ndevu.

Na usiniambie kwamba mnakwenda kila Sikukuu ya Shukrani. Siku hiyo haihesabiwi. Siku hiyo mnamtembelea ndege.

Sasa sikiliza, na usibadilishe hata kimoja.

Mpigie Raymond leo. Usimwulize habari za kona. Mwambie, "Nilikuwa Boston Oktoba, ulikuwa kwetu, sote wajinga, Jumamosi hii tunakwenda kwa mama." Akianza kusoma kanuni, kata simu, mpigie Colleen. Naona ndiye mwenye busara katika nyumba ile.

Mnakwenda Jumamosi hii, siyo Alhamisi ya sikukuu. Mnakwenda wanne, ninyi na wake zenu, bila bata mzinga, bila kofia. Unabeba ngazi na glavu, unapanda juu ya paa na kusafisha mifereji ya mama yako, naye Raymond anaishika ngazi chini, kazi inayomfaa mwamuzi. Mnalala kule. Asubuhi mnakula atakachowapikia, hata kama ni kile kile cha utotoni mlichokuwa mkikificha chini ya meza.

Alhamisi ya sikukuu ikifika, kabla ya sala, simama useme, "Nilidanganya." Neno moja linatosha, usiliongezee koma. Raymond atacheka, wajukuu watacheka, utapewa shingo, utaila. Kisu mpe mama. Amekaa miaka minane akitazama wanaume wawili wakigombea kitu alichokinunua yeye, na nina hakika anajua kukitumia kuliko nyinyi.

Limebaki moja, la Jumamosi. Chukua kile kidude chako, kirudishe kwenye sufuri, na mkifika usiingie. Bisha hodi. Mama akifungua, mpe mkononi, kisha mtie saini kwenye kitabu mmoja mmoja, kwa majina kamili na mji mnakotoka, huku mmesimama katikati ya njia yake. Mtamwuliza choo kiliko, kwa sababu ni mwendo mrefu na mna umri. Atabofya mara nne.

Kwa kona ile, hiyo ni rekodi.

Bibi Harriet Oyler