Kofia ya roboti imeongea kwa sauti ya Vitus

Fulgence, nakuandikia nikiwa bado uani.

Ile kofia ya roboti niliyoitengeneza kama ya kwenye filamu, leo nimeifungia taa za macho. Ndani nikaweka spika ya kutangazia biashara, nimeinunua kwa fundi ikiwa imetumika.

Nikawasha uani. Macho yakawaka mekundu, ikaita, "Perege, kambale, wa leo leo, mama njoo na beseni."

Ni Vitus. Vitus muuza samaki tuliyemzika. Kumbe spika ilikuwa yake, na tangazo lake bado limo ndani.

Kabla sijazima, mama yake akatoka nyumba ya pili na beseni. Na beseni, Fulgence. Akaitazama kofia. "Mwanangu, leo umechelewa."

Nikanyoosha mkono nizime. Akaushika.

"Mwache auze."

Bado inaita. Macho yameanza kufifia, naye amekaa mbele yake.