Milingoti ya Festo Kwenye Chemchemi

Mama, kamwene. Natumaini kifua kimeanza kukuachia na baridi ya Igowole haikutesi sana. Huku Mbeya sisi wazima, watoto wanakwenda shule. Ila nina hasira, mama, na nisipokuambia wewe nitapasuka.

Unalijua lile bonde lenye chemchemi ninakolima vinyungu, bustani zetu za kiangazi, mchicha na chainizi, pamoja na kina mama wa mtaani. Ndilo linalowasomesha wajukuu zako. Sasa watu wa jiji wamekuja na ramani yao, wanasema ni eneo la kijani, la kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Haya, sikatai. Lakini wakafyeka mboga zote! Nikamuuliza bwana mipango miji, "Kwani mchicha wangu ulikuwa wa rangi gani?" Akacheka. Eti watapanda miti ya kupoza joto la jiji. Mbeya hii tunayolala na masweta!

Nikajipa moyo, labda wataleta miti ya mivengi, itunze chemchemi. Lo! Likaja lori limejaa miche ya milingoti, hii mikaratusi inayofyonza maji. Milingoti, mama, pembeni ya maji! Na aliyeshuka kwenye hilo lori ni nani? Festo. Mdogo wangu wa tumbo moja.

Kumbe ile kazi yake ya kuuza miche mjini uliyonisifia kwenye simu ndiyo hii. Nikamshika mkono. "Festo, marehemu baba alitufundisha nini? Mlingoti ni wa mlimani, bondeni unakausha maji."

Akaangalia chini. "Najua, dada. Nilidhani wanapanda mlimani. Lakini miche nikirudi nayo itanifia."

Halafu akaanza kushusha, mbele ya macho yangu! Nisamehe, mama, lakini mwanao ni mjinga. Sasa wenzangu wa bondeni wananiuliza kama mimi ndiye niliyemwita. Nashindwa hata kuwatazama usoni.

Msalimie shangazi anayekupikia, na mjomba wa mashine ya kusaga. Mwinjilisti wetu mwambie aniombee, maana hasira hii si ya Kikristo. Festo akirudi hapo nyumbani, usimpe salamu zangu. Mwambie tu kwamba Jumamosi kina mama wote tunakwenda kung'oa milingoti yake, na akitaka kutuzuia, aje asimame mbele yangu mimi, dada yake niliyembeba mgongoni.

Binti yako,
Tumaini