Lengalenga za Carama

Dada Asiya,

Salamu alekum huko Uvira. Mi niko muzima. Resto yangu ya Ngagara inajaa watu kila midi, saa ya chakula, na sosi ya karanga nimejifunza peke yangu kwenye telefone, watu wanalamba sahani.

Ila lile shamba la Carama, pale Mama Daphrose na wenzake wanalima lengalenga, zile mboga za majani napika kwa resto, limeuzwa. Jumatatu katapila inaingia. Mwenye kulinunua anakula kwangu kila siku. Wamama wakasema, "We Houda, anapenda mukono yako wa kupika. Muombe atuachie tuvune kwanza."

Nikamupikia lengalenga na samaki mukeke, nikamuomba. Akacheka. "Mwanangu, soko iko mingi, utapata zingine." Akaomba sahani ingine. Nikamuletea.

Leo asubui sokoni nimenunua mafungu mbili, Mama Daphrose akanipa tano za nyongeza.

"Mama, nyongeza inapita kitu nimenunua?"

"Beba, mwanangu. We ndiye utatusemea."

Nilibeba, dada. Nilishindwa kumwambia kwamba nilishamuomba yule tajiri, akakataa. Sasa niko nazichambua, na yule mutu ameshakaa kwenye meza yake.

Mudogo wako,
Houda