Homa ya Shekinah

Lundi 6/3/2000
Siku ya tisa ya dawa. Homa hapana kushuka! Asubui 39,4. Infirmier Mathe, muuguzi wa dispensaire hapa Vulamba, anasema ni typhoïde tu, nivumilie. Nivumilie nini? Mutoto wangu Shekinah iko na miaka saba, amebakia mifupa. Analia muguu, tangu alianguka kwa kiwanja ya masomo. Mathe hata hakuuangalia.

Mama Vagheni, mwenye nyumba, ameleta tena bouillie, uji ya soja. Kila siku! Kwa nini? Bwana yangu Mukendi, vita ilimufungia Kinshasa, mwaka moja na nusu hapana barua. Sisi batu ya Kasaï hatuna ndugu huku. Nani atatupenda bule? Nimeimwanga nyuma ya choo.

Mercredi 8/3
39,8. Nimefungua gélule moja ya ile dawa, nikalamba. Uchungu kabisa. Donc si unga, ni dawa ya kweli. Basi nani anamuharibu mutoto wangu?

Kwa récréation Nadège, mwalimu mwenzangu, amenivuta kando: niangalie sana ule mwenye nyumba, bamama bengine banajua kuweka kitu katika chakula. Nimerudi mbio. Mulango nilifunga mwenyewe — mais Mama Vagheni iko na funguo ingine. Nimemukuta kwa kitanda, anamukanda Shekinah muguu!

Nimemufukuza. Nimesema neno sumu, kwa sauti. Amechukua kitambaa chake, akatoka.

Shekinah analia: ati ni yeye alimuita, kwa dirisha. Mutoto, anaweza kufundishwa la kusema.

Jeudi 9/3
Chini ya goti pamevimba, pekundu, moto. Pale pale alipokanda!
40,1. Shekinah ananiita jina ya baba yake.

Vendredi 10/3, Beni
Éphraïm, ndugu ya Mama Vagheni, alitubeba na camionnette yake mpaka hospitali. Sikukuwa na mwengine. Na yeye Mama Vagheni akapanda nyuma. Nani alimuomba? Barrière tatu njiani. Kila mara ni yeye aliongea na askari kwa Kinande, luga yao. Sikusikia kitu.

Docteur Henri wa hapa hospitali alibonyeza muguu mara moja tu. Si typhoïde. Ni mfupa, unaoza ndani, umejaa usaha, vidonge havifiki kule. Kuanguka kule kwa masomo, anasema. Lazima kupasua leo. Mais damu ya mutoto ni kidogo sana, hatavumilia bila kuongezewa.

Yangu haipatani. Ya Éphraïm pia. Mama Vagheni alikuwa amekwisha kukunja mukono wa nguo. Yake inapatana.

Sasa amelala kwa banc ya mbao, macho kwa ukuta. Docteur alinipa karatasi nitie saini kama nakubali damu yake, akaenda kunawa mikono. Damu ni safi, anasema, walipima. Walipima yote? Na kwa nini alikubali haraka vile, mutu niliyemufukuza kwa neno sumu?

Karatasi iko chini ya hii cahier. Bic ninayo. Ninaandika huku, kule sitii saini. Docteur anarudi, nasikia viatu. Shekinah anauliza kama Mama Vagheni iko, na mimi nasema: iko. Ninavuta karatasi.